Istilahi za Nyuklia na Hatari ya Kuzitumia Ovyo

UTANGULIZI

Tarehe 30 Julai 2025, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ya Mto Mkuju. Jambo la namna hii likitajwa barazani, hutokea watu wa aina mbili. Mmoja husema: "Sasa na sisi tunachimba mabomu." Mwingine humjibu: "Bomu gani? Hayo ni mawe tu, hata si nyuklia." Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Kila mmoja ametumia neno bila kujua kipimo kilichomo ndani yake.

Makala haya yana lengo la kueleza maneno yanayotumika kuainisha malighafi za nyuklia: yana maana gani, nani aliyaweka, na kwa madhumuni gani. Huenda msomaji akauliza: kazi hii si ya wataalamu? Hapana. Mtaalamu atapima madini katika maabara, lakini anayesimama mbele ya wananchi kuyaeleza ni kada. Kada asiyejua anachokisema atawatisha watu pasipo sababu, au atawatuliza mahali ambapo walipaswa kuwa macho.

Katika uwanja huu neno si pambo. Kila istilahi ni kipimo, na kila kipimo kinafuatwa na wajibu: nani aandike taarifa, nani akague, ghala lilindwe vipi. Anayelitoa neno nje ya kipimo chake ama amepotea mwenyewe, ama anawapoteza wengine kwa makusudi. Nao wanaolipa gharama ya kosa hilo, kama tutakavyoona, kwa kawaida si wale waliolitenda.

MASWALI MATATU YANAYOCHANGANYWA

Kosa la kwanza, ambalo ndilo mama wa makosa mengine, ni kudhani kwamba kuna ngazi moja tu ya hatari, na kwamba kila kitu cha nyuklia kina mahali pake katika ngazi hiyo. Ukweli ni kwamba kuna maswali matatu tofauti, na kila swali lina mfumo wake wa maneno.

Swali la kwanza: je, kitu hiki kinaweza kufanywa bomu, na bado hatua ngapi kifikie hapo? Hili ni swali la ukaguzi wa kimataifa. Swali la pili: je, kikiibwa, wizi huo una uzito gani, na kwa hiyo kilindwe namna gani? Hili ni swali la ulinzi. Swali la tatu: je, kitu hiki kinaudhuru mwili wa mtu anayekikaribia? Hili ni swali la usalama wa mionzi.

Majibu ya maswali haya hayaendi sambamba. Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, waokota vyuma chakavu walikuta mashine ya kutibia saratani iliyotelekezwa katika jengo lisilotumika. Waliivunja wapate kuuza chuma chake. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137, chini ya gramu 100, uliokuwa ukitoa mwanga wa buluu gizani. Kwa kuuona ni kitu cha ajabu na kizuri, waligawiana na jamaa na majirani. Watu 4 walifariki, na watu 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi. Kwa mfumo wa ukaguzi, sesiamu hiyo si "malighafi ya nyuklia" kabisa, kwa sababu haiwezi kufanywa bomu la atomiki hata ukusanye tani yake. Kwa swali la kwanza jibu lake ni sifuri. Kwa swali la tatu, iliua.

Kinyume chake, kipande cha urani iliyorutubishwa hadi kiwango cha bomu, kama hakijawahi kuingizwa katika kinu, hutoa mionzi midogo kiasi kwamba fundi aliyevaa glovu anaweza kukishika. Kwa swali la tatu hatari yake ni ndogo. Kwa swali la kwanza, kikiwa na wingi wa kutosha, kinaweza kuteketeza mji.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kuwa kitu fulani "ni hatari ya nyuklia", au kwamba "si cha nyuklia", swali la kumrudishia ni hili: unajibu swali lipi kati ya hayo matatu?

KURUTUBISHA MAANA YAKE NINI

Urani inayotoka ardhini ni mchanganyiko wa aina mbili hasa, urani 238 na urani 235. Kikemia ni kitu kimoja, tofauti yao ni uzito wa kiini. Kati ya chembe 1,000 za urani ya asili, takriban 993 ni za aina ya 238, na 7 tu ni za aina ya 235.

Hizo 7 ndizo zenye habari. Kiini cha urani 235 kikipigwa na nyutroni, hata inayokwenda polepole, hupasuka. Kinapopasuka hutoa joto pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo huenda kupasua viini vingine. Huo ndio mnyororo. Mnyororo ukitawaliwa, tunapata kinu cha umeme. Ukiachiwa kwa ghafla katika madini yaliyokusanywa kwa wingi wa kutosha, tunapata bomu. Urani 238 nayo inaweza kupasuliwa, lakini kwa nyutroni zenye kasi kubwa tu, na yenyewe peke yake haiwezi kuuendeleza mnyororo. Vitabu vya kigeni vina maneno mawili kwa hali hizi mbili, na hata wasomi wao huyachanganya. Sisi tukisema tu "inayopasuka" tunaimeza tofauti hiyo. Ni bora kusema "inayopasulika" kwa kila kinachoweza kupasuliwa, na "inayoendeleza mnyororo" kwa urani 235, urani 233 na plutoni 239.

Sasa tunafika kwenye neno "kurutubisha", ambalo magazeti na redio zetu zimelizoea. Neno hili tumelichukua shambani, na limekuja na picha ya shambani. Mkulima akirutubisha udongo anaongeza mbolea. Kwa hiyo wengi wanafikiri kuwa urani iliyorutubishwa imetiwa kitu cha kuiongezea nguvu. Si hivyo. Hakuna kinachoongezwa. Kazi yenyewe inafanana zaidi na kupeta mchele: pumba hutolewa ili punje zibaki kwa wingi zaidi katika ungo. Pumba hapa ni urani 238.

Tufanye hesabu ya ubaoni, tukiacha pembeni kile kinachopotea kiwandani. Tuna chembe 1,000, na 7 kati yake ndizo tunazozitaka. Tukiondoa chembe 825 zisizotakiwa, zinabaki 175, na zile 7 sasa ni asilimia 4. Hicho ni kiwango cha vinu vingi vya umeme, ambavyo hutumia asilimia 3 hadi 5. Tukiondoa 140 zaidi, zinabaki 35, na zile 7 ni asilimia 20. Tukiondoa 23 nyingine, zinabaki 12, nasi tuko karibu na asilimia 60. Tukiondoa 4 tu za mwisho, zinabaki 8, na tumekaribia asilimia 90, kiwango kinachoitwa "cha silaha".

Mwanafunzi aitazame hesabu hii kwa makini, maana ndani yake mna somo kubwa. Kutoka ardhini hadi asilimia 4 tumeondoa chembe 825. Kutoka asilimia 60 hadi 90 tumeondoa 4. Anayeziona asilimia kama hatua zilizo sawa hudhani kwamba mwenye asilimia 4 yuko mbali sana na bomu, na kwamba mwenye 60 amefika theluthi mbili tu ya safari. Hesabu inasema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kupeta hufanyika mwanzoni. Ndiyo sababu wakaguzi wanakitazama kiwanda chenyewe, hata kama leo kinatoa mafuta ya kinu cha umeme tu.

Mpaka wa asilimia 20 nao ulitoka wapi? Chini ya 20 huitwa urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha chini. Kuanzia 20 huitwa ya kiwango cha juu. Katika maumbile hakuna kinachobadilika kati ya 19.9 na 20. Huu ni mstari uliochorwa na watu, kwa sababu kadiri kiwango kinavyoshuka ndivyo uzito wa madini unaohitajika kwa bomu unavyoongezeka, hadi silaha yenyewe haitengenezeki kwa urahisi. Lakini "kiwango cha juu" si jina jingine la "kiwango cha silaha". Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na takriban kilo 64 za urani, kwa wastani wa asilimia 80. Halikufika 90, na mji uliteketea.

MAJINA YA KISHERIA

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianza kazi mwaka 1957. Katiba yake inaigawa malighafi ya nyuklia katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni malighafi ya chanzo. Humo mna urani ya asili, thori, na urani iliyopungukiwa, yaani yale makapi yanayobaki baada ya kupeta. Fungu la pili ni malighafi maalum ya mpasuko. Humo mna plutoni 239, urani 233, na urani yoyote iliyorutubishwa. Tulitilie mkazo neno "yoyote". Mafuta ya kawaida ya kinu cha umeme, yenye asilimia 3 au 4, yako katika fungu la "maalum". Kwa hiyo mwandishi anayesoma neno "maalum" katika taarifa, kisha akatangaza kuwa nchi fulani imekutwa na malighafi ya mabomu, ameruka hatua nyingi kwa mguu mmoja.

Tena, Marekani ina sheria yake ya mwaka 1954 yenye fungu linaloitwa "malighafi maalum ya nyuklia". Jina linafanana na lile la Shirika, lakini ni sheria ya nchi moja na ina orodha yake. Haifai kuchukua jina kutoka sheria moja na wajibu kutoka sheria nyingine.

Mkataba wa mfano ambao Shirika hufunga na nchi nyingi unaeleza jambo jingine linalotugusa moja kwa moja: mawe yenye urani, yakiwa bado mawe, hayahesabiwi kuwa malighafi ya chanzo. Mgodi ukishayasaga na kuyachakata hadi kupata ule unga uitwao keki ya manjano, hapo ndipo jina linaanza kushika, na usafirishaji wake kwenda nje kwa kazi za nyuklia hutolewa taarifa. Ukaguzi kamili huanza baadaye zaidi, unga huo unapokuwa umesafishwa kiasi cha kufaa kutengenezewa mafuta ya kinu au kurutubishwa.

Juu ya mafungu hayo mawili, wakaguzi wana mgawanyo wa tatu, na huu ndio unaojibu swali la "bado hatua ngapi". Plutoni, urani 233 na urani ya asilimia 20 au zaidi huitwa malighafi ya matumizi ya moja kwa moja, maana inaweza kuingizwa katika bomu bila kurutubishwa tena wala kugeuzwa ndani ya kinu. Nyingine zote ni za matumizi yasiyo ya moja kwa moja. Kwa plutoni au urani ya kiwango cha juu iliyo tayari katika hali ya chuma, Shirika hukadiria siku 7 hadi 10 kuifanya sehemu ya bomu. Kwa urani ya asili au ya kiwango cha chini hukadiria miezi 3 hadi 12. Kwa maneno mengine, mgawanyo huu ni kipimo cha muda: unawaambia wakaguzi warudi baada ya siku ngapi.

WINGI BILA UBORA, UBORA BILA WINGI

Hata hivyo aina na kiwango havitoshi. Lazima tuulize wingi. Shirika lina kipimo kiitwacho "kiasi cha maana", yaani kadirio la kiasi ambacho kikipotea hatuwezi tena kukataa uwezekano wa kutengenezwa bomu moja. Kwa plutoni ni kilo 8. Kwa urani ya kiwango cha juu ni kilo 25 za ile 235 iliyomo ndani yake. Kwa urani ya kiwango cha chini ni kilo 75 za 235. Kwa urani ya asili ni tani 10, na kwa iliyopungukiwa ni tani 20.

Tuchukue mifano miwili halisi. Ghana ilikuwa na kinu kidogo cha utafiti karibu na Accra, chenye takriban kilo 1 ya urani ya asilimia 90. Kwa ubora, hicho ni "kiwango cha silaha" kamili. Kwa wingi, ni sehemu ndogo sana ya kilo 25. Kinu hicho kilikuwa cha kufundishia na kupimia sampuli, na mwaka 2017 mafuta hayo yalirudishwa China, kinu kikaendelea kwa mafuta ya kiwango cha chini. Ilikuwa busara kuyaondoa, kwa sababu visehemu vidogo kutoka sehemu nyingi vinaweza kukusanywa. Lakini mtu ambaye angetangaza kuwa Ghana inatengeneza bomu angekuwa mwongo, hata kama kila neno alilosoma katika jedwali lilikuwa sahihi.

Mfano wa pili ni Iraki. Katika ghala la Tuwaitha, karibu na Baghdad, kulikuwa na takriban tani 550 za keki ya manjano. Kwa wingi, hizo ni zaidi ya mara 50 ya "kiasi cha maana". Kwa ubora, ni urani ya asili, ambayo bila kiwanda cha kurutubisha au kinu cha kuzalisha plutoni haiwezi kulipuka hata irundikwe kama mlima. Na mapipa yake yalikuwa yamefungwa kwa lakiri za Shirika.

Mfumo wa ulinzi nao una madaraja yake, yaliyowekwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi kuanzia mwaka 1980 na kuanza kutumika mwaka 1987. Daraja la Kwanza huanzia kilo 2 za plutoni, au kilo 5 za 235 katika urani ya kiwango cha juu. Tuone kwamba namba hizi ni ndogo kuliko "kiasi cha maana". Hapana mgongano: mlinzi wa ghala hangoji mwizi achukue bomu zima ndipo apige filimbi.

NENO LILILOTANGULIA MIZINGA

Tarehe 28 Januari 2003 Rais wa Marekani, George W. Bush, alilihutubia Bunge lake. Katika hotuba hiyo alisema, akiitaja serikali ya Uingereza kuwa ndiyo iliyogundua, kwamba Iraki ilikuwa imetafuta kiasi kikubwa cha urani kutoka Afrika. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa Niger.

Tulichambue tamko hilo kwa vipimo tulivyojifunza. Urani ya aina gani? Haikutajwa, ilikuwa ya asili, keki ya manjano. Ya kiwango gani? Haikutajwa, haikuwa imerutubishwa. Inakosa nini ili iwe bomu? Hilo halikutajwa pia. Neno "urani" liliachwa peke yake, bila kivumishi, na katika masikio ya msikilizaji likajaza nafasi ya neno "bomu". Na Iraki hiyohiyo tayari ilikuwa na tani 550 za bidhaa ileile, zikiwa chini ya lakiri.

Tarehe 7 Machi 2003, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Mohamed ElBaradei, aliliarifu Baraza la Usalama kwamba nyaraka za madai ya Niger hazikuwa halisi. Zilikuwa za kughushi. Uingereza ilishikilia kuwa ilikuwa na vyanzo vingine. Tarehe 20 Machi vita vilianza. Mwezi Julai mwaka huohuo Ikulu ya Marekani ilikiri kwamba sentensi ile haikustahili kuwamo katika hotuba. Hakuna mpango hai wa silaha za nyuklia uliopatikana Iraki.

Lakini tazama kilichotokea Tuwaitha. Majeshi yaliyoingia kwa hoja ya urani hayakulilinda ghala la urani. Katika vurugu za Aprili 2003 watu wa vijiji jirani waliingia wakachukua mapipa. Walimwaga unga, wakayatumia mapipa kuwekea maji. Hawakutafuta urani, walitafuta vyombo. Wakaguzi waliporudi mwezi Juni walikuta kwamba sehemu kubwa ya urani ingalipo, nayo baadaye, mwaka 2008, iliuzwa na kusafirishwa kwenda Kanada. Neno lililotumika kuwatisha watu wa Washington na London halikuwa limetumika kuwaonya wanakijiji wa Tuwaitha kwamba wasinywe maji ya pipa lile.

NENO LINALOFICHA

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kusema kwamba tatizo ni wakubwa kukuza mambo. Huo ungekuwa uchambuzi nusu. Neno lililolegezwa hufanya kazi pande zote mbili: hutisha, na pia huficha.

Plutoni hugawanywa kwa kiasi cha plutoni 240 iliyomo ndani yake. Ikiwa chini ya asilimia 7 huitwa ya kiwango cha silaha. Ikizidi takriban asilimia 19 huitwa ya kiwango cha kinu. Kutokana na jina hilo walitokea watu wenye maslahi katika biashara ya plutoni waliodai kuwa plutoni ya kiwango cha kinu haiwezi kufanywa bomu. Mwaka 1977 Marekani ilifichua kwamba mwaka 1962 ilikuwa imelipua bomu la majaribio kwa plutoni iliyoiita ya kiwango cha kinu. Jina linaeleza ilikotoka na ugumu wa kuitumia. Halisemi kuwa haiwezekani. Ndiyo maana Shirika huihesabu plutoni yote kuwa ya matumizi ya moja kwa moja, isipokuwa ile yenye asilimia 80 au zaidi ya plutoni 238.

Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia na kukiita mlipuko wa amani. Makaburu wa Afrika Kusini nao walianza utafiti wao wa milipuko kwa jina hilohilo la amani, na mwisho wake, kama Rais de Klerk alivyokiri mwezi Machi 1993, ulikuwa mabomu 6 kamili, ambayo yaliharibiwa kabla ya utawala wa walio wengi. Nchi zilizokuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika zina sababu ya kukumbuka neno "amani" lilivyotumika humo.

Suala la Irani linadai uangalifu uleule. Makubaliano ya mwaka 2015 yaliiwekea kikomo cha asilimia 3.67. Marekani ilijitoa mwaka 2018, na mwezi Aprili 2021 Irani ilianza kurutubisha hadi asilimia 60. Taarifa ya Shirika ya Mei 2025 ilionyesha akiba ya zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Mwezi Juni 2025 Israeli na kisha Marekani zilivishambulia vituo vyake. Anayesema kwamba asilimia 60 "ni kiwango cha silaha" amekosea. Anayesema kwamba ni mafuta ya kawaida ya umeme naye amekosea, kwa sababu vinu vya umeme havihitaji kiwango hicho, na tumeona kuwa kutoka 60 hadi 90 ni chembe 4 tu katika 1,000. Kwa hesabu ya "kiasi cha maana", takriban kilo 42 za asilimia 60 zinatosha kuhesabiwa. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unazipa nchi wanachama haki ya nguvu za atomiki kwa amani. Haki hiyo hailindwi kwa kupotosha maneno, wala haiondolewi kwa kuyapotosha.

TURUDI NAMTUMBO

Sasa tunaweza kuwajibu wale wawili wa barazani.

Kwa anayesema tunachimba mabomu: kinachotoka katika mtambo wa namna hii ni urani ya asili, malighafi ya chanzo, yenye chembe 7 katika 1,000. Bado iko mbali na bomu, na kila hatua ya mbali hiyo inahitaji viwanda. Lakini umbali si ukuta. Sehemu kubwa ya urani ya Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ilikochimbwa na Waafrika chini ya kampuni ya Kibelgiji bila wao kuambiwa inakwenda wapi. Kujua na kuandika kila tani inakwenda kwa nani ni sehemu ya uhuru wa nchi yenye mgodi.

Kwa anayesema hayo si nyuklia: amesema kweli kwa swali la kwanza, na amelidanganya tumbo lake kwa swali la tatu. Mawe hayahesabiwi kuwa malighafi ya nyuklia katika mikataba ya ukaguzi. Lakini mawe hayohayo hutoa gesi ya radoni, ambayo ikivutwa kwa muda husababisha saratani ya mapafu. Mawe yakisagwa na urani ikatolewa, karibu asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo hubaki katika mabaki, pale mgodini, karibu na mito na mashamba, muda mrefu baada ya keki ya manjano kwenda zake. Shinkolobwe ilifungwa, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na mwezi Julai 2004 sehemu ya mgodi ilibomoka na kuwaua watu 8. Hakuna aliyekufa kwa bomu. Walikufa katika shimo ambalo dunia ilikwisha kulisahau baada ya kupata ilichokitaka.

Hapa ndipo hatari yetu wenyewe ilipo. Meneja wa mgodi wowote anaweza kusema, kwa ukweli mtupu wa kisheria, kwamba "hii si malighafi ya nyuklia". Mfanyakazi akisikia hivyo ataelewa kwamba haina madhara, naye atavua barakoa. Neno la mkaguzi wa mabomu limetumika kujibu swali la mapafu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wajibu wa kisheria wa kusimamia usalama wa mionzi. Lakini Tume haiwezi kusimama nyuma ya kila mfanyakazi kila saa. Mfanyakazi mwenyewe, na tawi lake, lazima wajue swali la kuuliza.

HITIMISHO

Kutokana na uchambuzi huu, kada au mwanafunzi anayesikia habari yoyote ya malighafi ya nyuklia anapaswa kuuliza mambo manne kabla ya kufungua kinywa:

(a) Ni kitu gani hasa: mawe, keki ya manjano, urani iliyorutubishwa, plutoni, au chanzo cha mionzi cha hospitali?

(b) Kiwango chake ni asilimia ngapi, na wingi wake ni kilo au tani ngapi? Kimoja bila kingine hakitoshi.

(c) Neno lililotumika linajibu swali lipi: la bomu, la wizi, au la afya?

(d) Nani analitumia neno hilo, na baada ya kulitumia anataka tufanye nini?

Swali la mwisho halipo katika majedwali ya Shirika, nalo ndilo la kisiasa. Wanakijiji wa Tuwaitha waliachwa na mapipa, na wachimbaji wa Shinkolobwe waliachwa na shimo. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba mwananchi wa Namtumbo, akiambiwa neno, anaambiwa pamoja na kipimo chake.